Mzigo Ukikwama Tunduma, Nani Hupigiwa Simu?

Kama kampuni yako inapeleka mizigo Lubumbashi kutoka bandari ya Dar es Salaam, anza na swali hilo. Anayepigiwa simu ndiye mwenye ujuzi, hata kama cheo chake ni utingo.

Njia hiyo ina mipaka miwili: Tunduma kuingia Zambia, kisha Kasumbalesa kuingia Kongo. Sheria za forodha na za mizani zimeandikwa. Kisichoandikwa ni mteja yupi hashushi mzigo jioni, turubai lipi huvuja masika, au karatasi ipi huulizwa kwanza. Hayo wanayo madereva, watunza stoo na mawakala wa forodha. Mmoja akihamia kampuni nyingine, anaondoka nayo.

Nilipopewa kazi ya kuyakusanya, sikugawa fomu. Dereva aliyetoka safari ndefu ukimpa fomu atakujazia "hakuna tatizo" apate kwenda kulala. Mimi huketi naye akishapumzika, tukanywa chai, nikamuuliza tukio moja tu: mara ya mwisho ulikwama wapi, na ulijinasuaje? Ukimuuliza utaratibu, atakusomea ule wa ofisini. Ukimuuliza tukio, atakueleza kazi yenyewe. Akikubali, narekodi kwa simu. Baadaye naandika ukurasa mmoja kwa kila njia, wenye tarehe na jina la aliyenieleza.

Jina hilo lina uzito, kwa kuwa linaonyesha ujuzi ni wa nani. Wakongwe wa stoo hawafichi ujuzi kwa roho mbaya. Wameona wenzao wakifundisha vijana, kisha wakapunguzwa kazi. Bosi asipoiondoa hofu hiyo kwa maneno na kwa mshahara, programu ya gharama kubwa ya kuhifadhi ujuzi itabaki tupu. (Nimeziona kadhaa.)

Usiishie ndani ya geti lako. Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin huko Kariya, Japani, kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani kwa ajili ya Toyota. Makampuni mengine yaliyoiuzia Toyota vipuri yalipewa michoro, na ndani ya siku chache vali zikaanza kutoka. Yalikuwa yamezoea kufanya kazi pamoja muda mrefu kabla ya moto. Kwa hiyo kurasa zangu nawapa pia wenye malori tunaowakodi.

Nyaraka za mpakani zikibadilika, ukurasa wa zamani unaponza kuliko kutokuwa nao. Kila robo mwaka mwenye jina juu yake anausoma upya na kusahihisha, tena ndani ya saa za kazi, si Jumapili.