Mbweha Wadogo Kinywani

JUMATANO

Soma Wimbo Ulio Bora 2:15 na 1 Wakorintho 6:19, 20. Kwa nini anayeharibu shamba la mizabibu hapa ni mbweha mdogo, wala si simba?

Adui mkubwa huonekana mapema, na watu hujiandaa. Mdogo huachwa mpaka hasara iwe kubwa. Ndivyo wengi wetu tunavyovitendea vinywa vyetu. Huku kwetu, iwe Musoma, Butiama au Bunda, mtu anaweza kutema damu kila asubuhi anapopiga mswaki, akajisemea, "Ni fizi tu." Atakwenda kwa daktari siku jino litakapomnyima usingizi, na hapo anataka ling'olewe basi.

Meno yasiposafishwa vizuri hujenga utando laini uliojaa bakteria. Utando huo ukikaa pale jino linapokutana na fizi, fizi huvimba na kutoka damu. Panapotokea damu, bakteria nao hupata pa kuingilia, na damu hiyo hiyo hupita moyoni.

Mtu mwenye moyo mzima, kwa kawaida kinga ya mwili wake huwaangamiza bakteria hao upesi. Hatari kubwa ni kwa mtu ambaye valvu za moyo wake zimeharibika, au aliyewekewa valvu ya bandia. Bakteria wanaweza kunasa kwenye valvu na kuishambulia. Dalili zake ni homa isiyokwisha, uchovu na kupungua uzito. Asipotibiwa, mgonjwa hufa. Katika Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Wapo vijana na akina mama ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni.

Je, fizi mbovu huleta pia mshtuko wa moyo? Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwapo. Kilikuta kwamba magonjwa ya fizi na ya mishipa ya moyo huandamana, lakini haikuthibitika kwamba moja husababisha jingine. Tumbaku na kisukari huumiza fizi na moyo pia. Tunapofundisha afya kanisani, tuseme hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Kweli haihitaji msaada wa uongo.

Soma Luka 16:10. Uaminifu katika jambo dogo ungeonekanaje katika utunzaji wa kinywa?

Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na usiku usilale kabla ya kufanya hivyo. Punguza soda na sukari ya chai. Acha tumbaku. Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki. Tumia mswaki laini, na hali ikiendelea nenda hospitali. Mtoto akiumwa koo na kuwa na homa, apelekwe kituo cha afya. Usikubali kung'olewa jino na mtu wa sokoni asiye na taaluma wala vifaa safi.

Na kama uliwahi kuambiwa una ugonjwa wa moyo, mwambie daktari wa meno kabla hajagusa jino lako. Yeye ataamua kama unahitaji dawa ya kukukinga. Kama umeandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, usiikatishe kwa sababu unajisikia vizuri.

Katika 3 Yohana 2, mtume anamwombea Gayo afya ya mwili pamoja na ustawi wa roho. Tunaowaombea wagonjwa wetu kila Sabato tunaweza pia kuwauliza, kwa upole, "Ndugu, fizi zako zinaendeleaje?"

Maswali ya kujadili:

1. Ni "mbweha" gani mdogo umemwacha mwilini mwako kwa sababu hajauma bado?

2. Je, katika kundi lenu yupo mwenye ugonjwa wa moyo anayeogopa gharama au safari ya kwenda hospitali? Mtamsaidiaje wiki hii?

3. Kwa nini kutia chumvi katika mafundisho ya afya huwadhuru wanaotusikiliza?