Usiondoke Bila Barua: Dini, Kauli na Haki ya Mwanafunzi Katika Shule ya Umma

Kijitabu kwa wazazi, walezi na wanafunzi nchini Kenya



Malalamiko yanayofika ofisini mwetu, tunakowasaidia wazazi kuziandikia shule barua, yanafanana. Msichana amerudishwa langoni kwa sababu ya hijabu. Mvulana Msabato ameadhibiwa kwa kukosa masomo ya Jumamosi. Mwanafunzi ameamriwa aongoze sala ya dini isiyo yake mbele ya gwaride, akanyamaza, akaitwa mkaidi. Tukimuuliza mzazi barua ya shule iko wapi, jibu huwa lile lile: "Niliambiwa kwa mdomo tu."

Hapo ndipo haki nyingi zinapopotelea. Tunalisema mapema na tutalirudia: usiondoke shuleni bila barua.

Sheria inasemaje

Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kuidhihirisha dini yake, peke yake au pamoja na wenzake, hata kuishika siku yake ya ibada. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, na kinakataza kumlazimisha mtu kutenda jambo linalopingana na dini yake.

Shule nyingi za umma zilianzishwa na makanisa, na hadi leo kanisa linabaki kuwa mfadhili. Mfadhili ana heshima yake na kazi yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamruhusu kulea maisha ya kiroho shuleni na hata kuleta kasisi kwa gharama yake mwenyewe, lakini inamtaka alinde imani za wengine. Sehemu hii ya pili husahaulika sana. Mwalimu mkuu anayesema "hii ni shule ya kanisa, asiyetaka ahame" amesoma nusu ya sheria.

Kwa hiyo mtoto wako anaweza kusalimia kwa salamu ya dini yake, kuomba kimya kimya wakati wa mapumziko, kuitaja imani yake katika insha inayohusu jambo hilo, na kunyamaza wenzake wanapoomba. Hana ruhusa ya kuvuruga somo wala kuwatukana wenzake kwa dini yao. Kifungu cha 33, kinacholinda uhuru wa kusema, hakilindi maneno ya chuki. Somo la dini, liwe la Kikristo, Kiislamu au Kihindu, limo katika mtaala na kulifundisha si kosa. Kosa ni kulazimisha ibada.

Mahakama zimeamua nini

Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na Kanisa la Waadventista Wasabato kuhusu haki ya wanafunzi wao ya kuishika Jumamosi kuwa siku ya ibada. Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu ilitambua Urastafari kuwa dini, katika kesi ya msichana wa Kidato cha Kwanza aliyerudishwa nyumbani kutoka shule moja ya Nairobi kwa sababu ya nywele zake.

Kesi ya Shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, isomwe kwa makini zaidi. Kanisa la Methodisti, mfadhili wa shule, lilikwenda mahakamani kupinga hijabu. Mzazi mmoja wa Kiislamu akaingia katika kesi hiyo, kisha humo humo akaleta madai yake. Mahakama Kuu ilimkatalia mwaka wa 2015, Mahakama ya Rufaa ikampa ushindi mwaka wa 2016. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua ushindi huo. Sababu ilikuwa utaratibu: aliyejiunga na kesi ya wengine hakupaswa kupenyeza humo madai mapya ya kwake. Anayetaka suala hilo liamuliwe, majaji walisema, aanze upya katika Mahakama Kuu.

Anayekuambia kwamba Mahakama ya Juu imepiga marufuku hijabu anakupotosha. Anayekuambia imeiruhusu anakupotosha vilevile. Miaka ya kesi iliishia kwenye namna karatasi zilivyowasilishwa, na mabinti wa watu walikuwa wakingoja. Ndiyo maana tunakazania karatasi, mzazi.

Barua, barua, barua

Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa kwa maandishi sababu za uamuzi unaokuumiza. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015 inaongeza nguvu: ukiomba sababu, wahusika wana siku 30 za kukujibu. Wasipojibu na jambo likafika mahakamani, uamuzi wao utahesabiwa kuwa haukuwa na sababu ya maana, mpaka wao wathibitishe vinginevyo.

Basi, mtoto akirudishwa nyumbani, nenda shuleni siku hiyo hiyo. Usigombane na bawabu. Muulize mwalimu mkuu kwa adabu, kisha omba barua yenye tarehe, sahihi na muhuri. Akikataa, andika yako: jina la mtoto, siku, maneno yaliyosemwa, na ombi la kupewa sababu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Hata muhuri ukinyimwa, andika aliyeipokea na saa.

Kutoka hapo lalamika kwa Bodi ya Usimamizi wa Shule, kisha kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Usiporidhika, kuna jopo la rufaa za elimu chini ya sheria ya 2013. Tume ya Haki ya Kiutawala hupokea malalamiko bila malipo. Mtoto akizidi kukosa masomo, tafuta wakili mapema, kwani mahakama inaweza kuamuru arudi darasani kesi ikiendelea.

Tunaonya tena. Usimweke mtoto nyumbani ukingoja hasira zipoe, maana masomo ni ya lazima kisheria na wewe ndiye utakayeulizwa. Usikubali kutia sahihi barua ya "kuhama kwa hiari" ikiwa hukuomba kuhama. Tumewasaidia wazazi kuandika barua ambazo shule zimezijibu na watoto wakarudi darasani, na tunajivunia kazi hiyo. Aliyekuja mikono mitupu hutuwia vigumu kumsaidia.

Kijitabu hiki kinahusu shule za umma pekee. Mwenye mtoto katika shule ya kibinafsi aje tumweleze. Huduma zetu ni bure. Yeyote atakayekudai pesa ili akuandikie barua kwa jina letu si mfanyakazi wetu. Chukua jina lake na utuletee.