Chumvi, Kuni na Jua: Swali la Kupeleka Maonyeshoni

Ireland ilianzisha maonyesho ya wanasayansi chipukizi mwaka 1965. Kwa kufuata mfano huo, Tanzania ilifanya ya kwanza ya aina hiyo Dar es Salaam mwaka 2012. Mwanafunzi wa Kilwa au Lindi anayejiandaa kwa maonyesho ya namna hii, yawe ya mkoa au ya taifa, mara nyingi hutafuta somo mbali mno, ilhali swali zuri liko ufukweni: kilo moja ya chumvi hugharimu kuni kiasi gani?

Pwani hiyo ina majaruba ambamo jua hukausha maji ya bahari. Njia nyingine ni kuchemsha, na kuni zilizo karibu na bahari ni mikoko, ambayo mizizi yake ni malezi ya kamba, kaa na vifaranga vya samaki.

Hesabu ifanywe kabla ya jaribio. Kilo 1 ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, nyingi yake ikiwa ile ya mezani. Basi kilo 1 ya chumvi yahitaji maji ya bahari kilo 29, na kilo 28 za maji hazina budi kugeuzwa mvuke. Kila kilo ya maji hudai kilojuli 300 hivi ili ichemke, kisha 2,260 ili iwe mvuke. Jumla ni kilojuli 72,000 hivi. Kuni kavu hutoa kilojuli 16,000 kwa kilo. Lakini mafiga yakifikisha chunguni sehemu moja tu ya nane ya joto hilo, zitateketea kilo 36 za kuni.

Sasa maji yaachwe juani kwanza mpaka kila kilo iwe na gramu 140 za chumvi. Maji ya kuvukizwa motoni hupungua hadi kilo 6 hivi, na kuni hadi kilo 8. Je, ndivyo ilivyo kwa kweli? Hapo ndipo kazi ya mwanafunzi inapoanza. Apime maji ya ukali wa aina tatu, kwa sufuria ileile, mahali pasipofikiwa na upepo wa kusi, na kila jaribio lirudiwe mara tatu. Kuni ziwe za mti mmoja, zilizokauka sawasawa. Matawi ya mkorosho uliopogolewa yatafaa, mikoko isiguswe. Jibu likitofautiana na hesabu, lisifutwe daftarini. Waamuzi watataka kujua joto lilikopotelea.

Jaruba la mita mraba 1 linalopoteza milimita 5 za maji kwa siku huondoa lita 5 bila kijiti kimoja. Wakati wa masika mambo hubadilika, na hilo nalo lapimika: beseni moja liwekwe chini ya paa la nailoni linalopitisha hewa pembeni, jingine liachwe wazi, na kina cha maji kisomwe kila asubuhi kuanzia Machi hadi Mei.