SOMO: KUINUA NA KUCHUKUA MUTUMBWI

Mutumbwi ukielea juu ya maji, mutoto anaweza kuusukuma kwa mukono mumoja. Sababu gani? Maji ndiyo yanayouchukua. Lakini ukiuvuta mpaka inchi kavu, maji hayakusaidii tena. Uzito wote unakuja juu ya mugongo wako. Kwa hiyo wavuvi wa Kasenyi na Tchomia, na watu wanaovuka muto Ituri, wanapaswa kujua somo hili kama wanavyojua kupiga kafi.

Mugongo ni kitu gani?

Uti wa mugongo ni mifupa mingi midogo iliyopangwa moja juu ya mwingine. Kati ya mufupa na mufupa kuna kitu laini, kinachonepa kama mpira. Ukiinama na kunyanyua kitu kizito kwa gafula, kitu hiki kinaweza kutoka pahali pake na kubana mushipa wa fahamu. Ndipo maumivu yanashuka mpaka muguu.

Jaribu jambo hili. Shika muzigo wa kilo 10 karibu na tumbo lako. Halafu unyooshe mikono na kuushika mbali. Uzito haukuongezeka, lakini mugongo unalia. Basi, muzigo uwe karibu na mwili siku zote.

Habari ya zamani ya Ituri

Katika mwaka 1887 Stanley alipita katika pori kubwa la Ituri, akikwenda Ziwa Albert. Alikuwa na mashua ya chuma, jina lake Advance, iliyotengenezwa Uingereza. Urefu wake ulikuwa karibu metre 8 na nusu. Ni nani angeweza kuichukua katika pori? Iligawanywa vipande 12, na kila kipande kilikuwa karibu kilo 34. Wachukuzi wengi walitoka Zanzibar.

Hata hivyo, njaa na ugonjwa viliwashinda watu. Mashua iliachwa njiani, Ipoto, na mwezi wa 12 mwaka 1887 walifika ziwani bila mashua. Walirudi nyuma. Mwezi wa 4 mwaka 1888 walifika tena, wakiwa nayo, nayo ikatiwa majini. Lakini wachukuzi wengi walikuwa wamekufa katika safari ile.

Tunajifunza mambo mawili. Muzigo ukigawanywa, unachukulika. Lakini mutu mwenye njaa na ugonjwa hawezi hata muzigo uliogawanywa.

Namna ya kufanya

1. Toa vyote vilivyo ndani: nyavu, samaki, injini. Kisha toa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Maji ya bidoni tano za lita 20 ni kilo 100, nawe utazichukua bure.

2. Tazama njia kabla ya kuinua. Ondoa mawe na miiba. Kama umekaa usiku wote katika mutumbwi, tembea kidogo kwanza, mwili upate kulegea.

3. Mutumbwi mukubwa usiuinue, uviringishe. Weka chini miti ya mviringo, minne au mitano yenye unene mumoja. Muti unaotoka nyuma urudishwe mbele, lakini musimamishe mutumbwi kwanza, vidole visibanwe. Kusukuma ni vizuri kuliko kuvuta, kwa sababu unatumia uzito wa mwili wako.

4. Katika mutelemko, funga kamba nyuma ya mutumbwi, uizungushe kwenye kisiki chenye nguvu, na uilegeze polepole. Mutu yeyote asisimame upande wa chini. Kamba ikikatika, mutumbwi hauchagui.

5. Kama ni lazima kuinua, simameni wawili wawili, wenye urefu sawasawa wakitazamana. Panua miguu, kunja magoti, nyosha mugongo, halafu simama kwa nguvu ya mapaja. Mutu mumoja tu ahesabu: «Moja, mbili, inua!» Wakati wa kushusha, ahesabu vilevile. Wengi wanaumia wakati wa kushusha, kwa maana mumoja anaachilia kabla ya wenzake.

6. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usipinde kiuno.

7. Mutumbwi mudogo wachukue watu wawili, juu ya bega au kichwa, wakitumia kata ya nguo au majani. Mutu wa tatu atangulie kuonyesha njia. Pumzikeni mara nyingi.

Mwanamuke mwenye mimba, na mutu aliyepasuliwa karibuni, wasiinue kabisa.

Ukiumia

Maumivu mengi ya mugongo yanapona katika wiki chache. Weka kitambaa cha moto, acha mizigo mizito, lakini usilale siku nyingi. Tembea kidogo kidogo. Usikubali kuchanjwa chale, wala mutu akukanyage mugongo.

Lakini usingoje hata siku moja ukiona dalili hizi:

— Muguu umelegea, au ganzi iko katikati ya mapaja.
— Mukojo haupiti, au mukojo na choo vinatoka bila kujua.
— Uvimbe katika kinena umekuwa mugumu, unauma, haurudi ndani, na mutu anatapika. Hiyo ni ngiri iliyobanwa. Utumbo unaweza kuoza. Usiusukume kwa nguvu, wala usinywe dawa ya kuharisha.

Uvimbe wa ngiri unaorudi ndani ukilala, nao uonyeshwe kwa munganga, upasuliwe mbele ya hatari kuja.

Kama mutumbwi umemwangukia mutu, musimushike mikono na miguu kumuburuta. Mumoja ashike kichwa, wengine mwili, wamuweke pamoja juu ya ubao au mulango, wamufunge asitikisike. Mumupeleke kwenye kituo cha afya kilicho karibu, nao watamutuma Bunia au Nyankunde kama inahitajika.

Kijana anayeinua mutumbwi peke yake anasifiwa siku moja. Akivunjika mugongo, watoto wake watakosa chakula miaka mingi. Basi, ita wenzako.

Maulizo

1. Sababu gani tunatoa maji kabla ya kuinua mutumbwi?
2. Katika mutelemko, watu wasisimame wapi?
3. Taja dalili tatu zinazotupasa kwenda hospitali mara moja.
4. Katika kijiji chako, nani atahesabu «Moja, mbili, inua»?