Je, Dharura Inaondoa Hatia Barabarani?

Masomo: 1 Samweli 21:1-9 na 22:18-23, Luka 14:1-6, Kutoka 21:28-29, Kumbukumbu la Torati 19:1-7

Tunaomba kila familia ifungue Biblia yake na kusoma mafungu hayo kwanza, kwa sababu somo la mwezi huu limetoka katika jambo lililotokea hapa hapa kwetu Nakivale, na baadhi yenu mlikuwepo.

Usiku ule mtoto wa jirani yetu, msichana wa miaka mitatu, alishikwa na degedege. Mama yake alikuja mbio amembeba, analia. Ndugu mmoja wa kanisa letu ni mwendesha boda (kule Goma tungemwita motari). Alikuwa ametoka kwenye sherehe ya mahari na alikuwa amekunywa kasiksi. Sisi tulijua, maana harufu tuliisikia. Hata hivyo tulimpandisha mama na mtoto nyuma yake, na ni sisi wenyewe tuliomwambia, "Kaza, ndugu, kaza!" Kabla ya kufika kituo cha afya alimgonga kijana aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye madumu ya maji. Kijana akavunjika mguu. Mama na mtoto wakaanguka nao, wakabaki barabarani karibu dakika arobaini mpaka boda nyingine ikapatikana. Kwa neema ya Mungu mtoto alitibiwa malaria, akapona. Kijana bado anatembea kwa magongo.

Wazee wa kanisa walipokutana juu ya neno hili, tuligawanyika. Wengine walisema ndugu yule alijitoa kuokoa roho, asiguswe, kwa kuwa shida haina sheria. Wakaleta habari ya Daudi na mikate. Wengine wakasema sheria ni sheria. Mama wa kijana alikuwa ameketi karibu na mlango. Aliuliza swali moja tu: "Wachungaji, na mwanangu alikuwa barabarani kwa mchezo? Maji yale yalikuwa ya kupikia wadogo zake."

Hakuna aliyemjibu siku ile. Somo hili ni jaribio letu la kumjibu.

Sheria hupisha uhai

Tuanze na wale waliosema shida haina sheria, kwa sababu hawakukosea kila kitu. Katika Luka 14 Bwana anawauliza Mafarisayo ni nani kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya sabato hatamtoa mara moja. Walinyamaza. Wakunga wa Kiebrania katika Kutoka 1 walikataa amri ya Farao ili watoto waishi, na Mungu akawatendea mema. Kwa hiyo anayesema kwamba sheria haipishi kitu chochote, hata mtu akifa, hasemi kama Yesu alivyosema.

Hata serikali zinalijua jambo hili. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa Korona, boda zilipokatazwa kubeba abiria hapa Uganda, na gari la mgonjwa likatakiwa kupata kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani. Wanawake wenye uchungu walitaabika sana. Baadaye, mwezi wa nne, ilitangazwa kwamba mama mjamzito hahitaji kibali. Sheria ile ilipishwa kwa ajili ya uhai.

Lakini angalieni ni nini kilichopishwa. Ng'ombe akitolewa kisimani siku ya sabato, hakuna jirani anayevunjika mguu. Kikomo cha mwendo na katazo la pombe si kama sabato ya Mafarisayo. Sheria hizo ni ukuta unaomzunguka mtu mwingine aliye barabarani. Ukiuvunja kwa ajili ya mtoto wako, unayemweka wazi si wewe tu. Ni mtoto wa yule mama aliyeketi karibu na mlango.

Haraka ya Daudi

Sasa tuitazame habari ya Daudi yote, kwa sababu wengi wetu tunaishia kwenye mikate. Daudi alikuwa mkimbizi kama sisi. Alifika Nobu akiwa na njaa, hana silaha, na Sauli anamtafuta. Alimwambia kuhani Ahimeleki kwamba mfalme amemtuma, na kwamba hakuchukua upanga wake kwa kuwa shughuli ya mfalme ilihitaji haraka. Haikuwa kweli. Ahimeleki aliamini, akampa mikate na upanga wa Goliathi.

Katika Mathayo 12 Bwana Yesu anaitetea ile mikate. Ule uongo hakuutetea. Na ukigeuza ukurasa mmoja tu, utaona haraka ile ilivyogharimu. Doegi Mwedomi alikuwepo siku ile, akapeleka habari kwa Sauli. Makuhani themanini na watano waliuawa, pamoja na wanawake na watoto wa mji wa Nobu. Abiathari peke yake ndiye aliyeponyoka akaja kwa Daudi.

Someni 1 Samweli 22:22 polepole. Daudi hakumwambia Abiathari, "Ilikuwa dharura." Hakusema, "Ningefanyaje, nami nilikuwa ninafukuzwa?" Maneno hayo yote yangekuwa kweli. Anakiri kwamba siku ile alimwona Doegi pale, akajua atasema, na kwamba yeye Daudi ndiye chanzo cha kufa kwa nyumba yote ya Abiathari. Kisha anamwambia akae naye, na kwamba atamlinda. Njaa ya Daudi ilikuwa ya kweli, na hatia yake pia ilikuwa ya kweli, wala moja haikuifuta nyingine.

Sisi tuliomhimiza yule ndugu tuliposoma mstari huo tulifunga Biblia kwa muda. Sisi nasi tulimwona Doegi pale: tuliisikia harufu ya kasiksi.

Shoka na ng'ombe

Torati inatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunapenda kuyachanganya. Katika Kumbukumbu la Torati 19 watu wawili wanakwenda msituni kukata miti, shoka linachomoka katika mpini na kumwua mmoja. Aliyelishika hakukusudia wala hakujua. Huyo anakimbilia mji wa makimbilio na kuishi. Lakini katika Kutoka 21 kuna ng'ombe mwenye tabia ya kupiga kwa pembe. Mwenyewe ameonywa na hakumfunga, na ng'ombe ameua mtu. Hapo mwenye ng'ombe anadaiwa, hata kama siku ile alikuwa mbali au alikuwa na shughuli njema. Sisi tunaopishana kila siku na ng'ombe wa Ankole, na pembe zao mnazijua, tunaielewa sheria hii bila mwalimu.

Mwendesha boda ambaye tairi lake limepasuka ghafula ni mtu wa shoka. Aliyekunywa kisha akapanda ni mtu wa ng'ombe. Alijua kabla ya kuwasha.

Mwendo na pombe si kitu kimoja

Kuhusu mwendo, tunasema hivi. Ziko nyakati chache ambapo mtu anaweza kwenda haraka kuliko siku zote bila kumdharau jirani: barabara inaonekana, hakuna watu mbele, taa inawaka, honi inalia, akili ni timamu. Ndiyo sababu nchi nyingi zinaruhusu ambulansi na magari ya zimamoto kupita kikomo. Lakini hayo yana king'ora na taa, na dereva amefundishwa. Boda yetu haina king'ora, na madumu ya maji hayana taa.

Tena fanyeni hesabu kabla ya kukaza. Safari ya usiku ule ilikuwa kama kilomita sita. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni dakika tisa. Kwa mwendo wa 60 ni dakika sita. Tulikuwa tunatafuta dakika tatu, tukapoteza arobaini. Na kwa mwendo wa 60 pikipiki inakwenda karibu mita 17 kwa sekunde moja, kabla mkono haujagusa breki. Kisha ukishafunga breki, inahitaji zaidi ya mara mbili ya nafasi ya kusimama kuliko kwa 40, na barabara yetu ni ya vumbi na mawe.

Kuhusu pombe neno ni jingine. (Kama Mkristo anywe au asinywe kabisa tutalisoma siku nyingine, tusije tukalikimbia la leo.) Dharura inahitaji macho, mkono mwepesi na busara, na pombe inachukua vitu hivyo vitatu. Aliyekunywa ndiye pia anayejisikia hodari kuliko wote, na mara nyingi ndiye wa kwanza kusema, "Nipeni mimi." Sheria ya Uganda imeweka kikomo cha miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, lakini uwezo wa mtu huanza kupungua kabla hajafika hapo. Kahawa haiondoi, maji baridi hayaondoi. Ni saa tu zinazoondoa, na ulevi wa jioni waweza kuwa bado mwilini alfajiri. Dereva wa ambulansi anaruhusiwa kupita mwendo. Haruhusiwi kuwa amelewa.

Je, hakuna hata mara moja? Mahakama za Uingereza, ambako nchi za Afrika Mashariki zilirithi sehemu kubwa ya sheria zao, zimewahi kuulizwa swali hili. Katika kesi moja ya mwaka 1992, mtu aliyekuwa amekunywa alikimbizwa na watu waliotaka kumdhuru, akaingia katika gari akaondoka. Utetezi wake ulikubaliwa, kwa sababu aliendesha mwendo mfupi tu, mpaka hatari ilipokwisha. Katika kesi nyingine, ya mwaka 1990, mtu aliyetishwa vivyo hivyo aliendelea kuendesha mpaka nyumbani kwake bila kuangalia kama bado anafuatwa. Utetezi wake ulikataliwa. Hatari ikikoma, ruhusa nayo imekoma.

Tunalielewa hilo kuliko wengine. Mwaka 2008 tulipokimbia Rutshuru kwenda mpaka wa Ishasha, tulikuwa juu ya Fuso iliyojaa watu, magodoro na mbuzi. Nyuma kulikuwa na milio ya bunduki. Dereva alikimbiza gari sana, na hakuna aliyemlaumu. Lakini barabara ilijaa watu wanaotembea na mizigo kichwani, na kila alipowakuta dereva yule alipiga honi na kupunguza mwendo, tukiwa sisi tunamfokea aendelee. Hakutusikiliza. Tulifika Matanda wote, na wale wa barabarani tukawaona wakifika kesho yake.

Njia itengenezwe mapema

Kumbukumbu la Torati 19:3 ina amri ambayo wahubiri tunairuka. Kabla mtu yeyote hajalazimika kukimbilia mji wa makimbilio, Israeli waliambiwa waitengeneze njia ya kwenda huko. Yaani dharura ilishughulikiwa siku ambayo hapakuwa na dharura.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia usiku ule. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwepo mwendesha boda asiyekunywa, amelala. Hatukumgongea kwa sababu yule mwingine alikuwa amesimama mbele yetu. Wala hatukujua la kumfanyia mtoto mwenye degedege wakati wa kungoja: alazwe ubavu, asiwekewe kitu kinywani, vitu vigumu viondolewe karibu naye, kisha apelekwe kituoni upesi. Kumbana katikati ya watu wawili juu ya pikipiki inayorukaruka kulikuwa hatari nyingine.

Na dharura nyingine si dharura. Mimba ina miezi tisa, haituvamii usiku mmoja. Kuchelewa mgao si dharura. Kuwahi mazishi si dharura, marehemu atatungoja. Hata mchungaji aliyechelewa ibada akamwambia boda akimbize, huyo ni uvivu wa asubuhi unaotafuta jina zuri. Tunajisema wenyewe.

Yule ndugu alikiri mbele ya kanisa. Hakusimama peke yake: sisi tuliomwambia "kaza" tulisimama pamoja naye, tukakiri la kwetu. Wengine waliona si vizuri mchungaji kufanya hivyo. Tuliona Daudi alikuwa mfalme mtarajiwa na hakuona haya mbele ya Abiathari. Ndugu huyo sasa anapeleka maji nyumbani kwa kijana kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, nasi tunachangia mafuta na nauli ya kwenda kliniki mpaka magongo yatakapowekwa chini.

Waendesha boda sita wa kanisa wamekubali kushika zamu za usiku. Mwenye zamu haonji pombe tangu mchana, hata kwenye mahari ya ndugu yake. Jina la mwenye zamu litaandikwa ubaoni kwenye mlango wa kanisa kila Jumapili, na kisanduku cha mafuta kipo kwa shemasi. Akina mama wajawazito wampe Mama Mchungaji mwezi wao, ili boda ijulikane mapema.

Kwa mazungumzo ya vikundi vya nyumbani: Je, usiku ule ungekuwa wewe ni yule mama wa mtoto, na boda pekee uliyoiona ni ya mtu aliyekunywa, ungegonga mlango upi kwanza? Nyumba yenu inajua ni nani karibu nanyi ana pikipiki na hanywi? Na yule mama aliyeketi karibu na mlango, mngemjibu nini? Majibu yaletwe kwa wazee kabla ya Jumapili ya meza ya Bwana, kwa maana yeye naye atakuwepo.