Kibarua kwa wanaolala sokoni

Swali: Nina shamba la mahindi nje ya Kakanda, mji wa madini hapa Kongo. Kila asubuhi nakuta wanaume waliolala kwenye vibanda vya soko. Nataka kuwapa kibarua cha kulima. Nianzeje?

Jibu: Baba, patana nao bei palepale sokoni, kila mmoja asikie. Kisha lipa jioni ileile, mkononi. Asiye na chumba hana akiba ya kumfikisha Jumamosi. Ukimwambia angoje, kesho humwoni. Chakula cha mchana kitoe wewe, usikikate kwenye malipo. Jembe pia liwe lako.

Mwaka 2015 jiji la Albuquerque, Marekani, lilituma gari kuwachukua waombaji wa barabarani wakafanye usafi kwa dola 9 kwa saa. Nililopenda zaidi ni kwamba baada ya kazi walielekezwa kwenye huduma za malazi. Nawe uliza parokiani kuhusu malazi kabla hujaanza.

Weka daftari la siku. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 kinasema kibarua aliyetimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa ana mkataba usio na kikomo. Waajiri wengi hujifanya hawakijui.

Mtoto wa miaka 12 akifuata kundi, mpe ugali, usimpe mstari wa kulima.

Wengine watakukimbia wakisikia kuna shimo jipya la madini. Usiwanunie. Wakirudi, wape jembe.