Mtoto aliyeitwa mjinga

Tarehe 30 Oktoba 1945, katika mji wa New York huko Marekani, alizaliwa mtoto jina lake Henry Winkler. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa Ujerumani. Mwaka 1939 walikimbia mji wa Berlin, kwa sababu watawala wa siku zile waliwatesa Wayahudi. Katika nchi ngeni baba akafanya biashara ya mbao, akitumaini kwamba mwana wake ataishika kazi hiyo baada yake.

Henry akaingia kalasi, lakini kusoma kulimshinda. Hesabu nazo zilimshinda. Somo la jiometri alilirudia mara nyingi. Wazazi wake walidhani ni mvivu. Wakamwita, kwa lugha yao ya Kijerumani, mbwa mjinga. Wakamzuia kutoka nyumbani, akae mezani wiki kwa wiki mbele ya vitabu vyake. Henry akakaa, akavitazama vitabu, wala hakufaulu. Na mtoto anayeambiwa kila siku kwamba ni mjinga, mwisho anasadiki.

Lakini kulikuwa na kazi moja aliyoipenda: kuigiza mbele ya watu. Alipojaribiwa ili aingie katika chuo kikuu cha Yale, aliyasahau maneno ya Shakespeare aliyokuwa ameyakariri. Hakukimbia. Akatunga maneno yake mwenyewe papo hapo, akayasema kwa nguvu. Wakamkubali, na mwaka 1970 akamaliza masomo yake.

Kuanzia mwaka 1974 mpaka 1984 alicheza katika mchezo wa televisheni ulioitwa Happy Days. Humo alikuwa Fonzie, kijana mwenye pikipiki asiyemwogopa mtu. Watu wengi sana walimpenda. Lakini kabla ya kucheza, wachezaji wote walikaa mezani kusoma maneno yao kwa sauti. Hapo yule kijana asiyeogopa mtu aliona haya, maana alijikwaa katika kila mstari. Ilimpasa kuyashika maneno kwa kichwa. Akisahau, alitunga mengine yenye maana ileile.

Henry alipata miaka 31 bila kujua shida yake. Kulikuwa na mtoto mmoja, mwana wa mwanamke ambaye alimwoa baadaye, mwaka 1978. Mtoto huyo naye alishindwa kusoma. Henry akamwambia kwamba ni mvivu, ajitahidi zaidi. Maneno yaleyale aliyoambiwa na wazazi wake! Kisha wataalamu wakampima mtoto, wakaeleza kwamba ana disleksia. Henry alipoyasikia maelezo yao akajitambua: hata yeye alikuwa nayo tangu kuzaliwa. Kwanza alikasirika sana, akikumbuka adhabu zote alizopata bure.

Disleksia ni nini? Si uvivu, wala si upungufu wa akili. Haiambukizi. Ubongo wa mtu huyo unapata shida kuunganisha herufi na sauti za maneno. Mara nyingi shida hii inaonekana kwa watu wa ukoo mmoja. Haiondoki kabisa, lakini mtoto akifundishwa polepole na kwa uvumilivu anaweza kujifunza kusoma.

Kuanzia mwaka 2003 Henry, pamoja na mwandishi Lin Oliver, alitoa vitabu vya watoto juu ya mvulana Hank Zipzer, mwenye shida hiyo. Henry alisema hadithi, mwenzake akaandika. Na mwaka 2018, akiwa na miaka 72, alipewa zawadi kubwa ya televisheni, jina lake Emmy. Alipewa kwa kuigiza mtu gani? Mwalimu!

Mungu amempa kila mtu talanta yake, lakini si zote zinaonekana ubaoni. Mwenzako akijikwaa katika kusoma, usimcheke. Kaa karibu naye, mrudie neno pamoja. Na wewe unayejikwaa, mwambie mwalimu wako bila haya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Maulizo
1. Kwa nini wazazi wa Henry walikimbia Berlin?
2. Henry alifanya nini alipoyasahau maneno ya Shakespeare?
3. Henry alimkosea mtoto yule kwa neno gani? Alijuaje kosa lake?
4. Katika kalasi yenu, utamsaidiaje mwenzako anayesoma kwa shida?